Kielezi Kikae Wapi? Mwongozo wa Kusimulia ya Jana kwa Kiingereza

Mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza wageni Lamu, niliwapeleka mzee mmoja na mkewe hadi magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Maji yalikuwa yametoka, mashua ikakwama kwenye mikoko, nikateremka matopeni kuisukuma huku mkoba wao nimeubeba kichwani. Kesho yake asubuhi tukakutana Mkunguni, mbele ya ngome. Nikataka kuwakumbusha jasho langu kwa adabu, nisionekane naomba. Nikasema: "Yesterday I hardly worked for you." Mzee akacheka kwa upole, akanipiga bega, akaniambia si neno, siku hazifanani. Bakshishi sikuiona.

Nilichokusudia ni "I worked hard for you yesterday", yaani nilifanya kazi kwa bidii. Nilichotamka ni kwamba kazi sikuifanya, au niliigusa tu. Kitenzi kilikuwa sahihi, na wakati ulikuwa sahihi pia. Kilichoniangusha ni kielezi, yaani neno linaloeleza tendo lilifanyikaje, wapi, lini au mara ngapi: umbo lake na mahali nilipokiweka.

Mwongozo huu nimeuandika kwa wale ninaokaa nao barazani jioni: mabaharia, waongoza watalii, wanafunzi wa sekondari wanaoandika insha, na dada zetu wanaopokea wageni katika nyumba za kulala. Wote hao kazi yao kubwa kwa Kiingereza ni kusimulia yaliyopita. Ngome ilijengwa lini, mgeni alifika saa ngapi, jana tulikwenda wapi.

Jambo moja lielewe kabla ya hatua yoyote. Kitenzi chetu ni jahazi lililosheheni. "Nilimwona" ni neno moja, lakini ndani yake yumo mtendaji, umo wakati, yumo mtendwa. Kwa hiyo kielezi cha Kiswahili hutembea kitakavyo: "Jana nilimwona", "Nilimwona jana", "Alifungua polepole mlango", "Alifungua mlango polepole". Hakuna atakayekukosoa. Kitenzi cha Kiingereza ni mtumbwi mtupu. "Saw" imebeba wakati tu. Nani kaona na nani kaonwa hujulikana kwa mpangilio wa maneno, na ukiuvuruga mpangilio kwa kuchomeka kielezi ovyo, sentensi inakwenda mrama.

Hatua ya 1: Simamisha kitenzi kabla ya kukipamba

Kuna wanaodhani wakishasema "yesterday" basi wakati umeshatajwa, kitenzi kinaweza kubaki kama kilivyo. "Yesterday I go to Mokowe" ni kosa. Kielezi hakikisaidii kitenzi kubeba wakati, kila mmoja hubeba chake: "Yesterday I went to Mokowe."

Ukikanusha au ukiuliza, "did" huuchukua wakati wote na kitenzi hurudi kwenye umbo lake la msingi. "I didn't go", kamwe si "I didn't went". Hili fupi, ila lishike, maana hatua ya 4 inalitegemea.

Hatua ya 2: Chagua umbo la kielezi

Sisi tuna njia nyingi za kutengeneza kielezi cha namna. Tunaweka "vi" tukapata vizuri na vibaya, tunatumia "kwa" tukapata kwa haraka na kwa upole, tunaweka "ki" tukapata kitoto, na tunarudia neno tukapata polepole na haraka haraka. Kiingereza mara nyingi huongeza "ly" kwenye kivumishi: slow huwa slowly, careful huwa carefully. Neno likiishia kwa "y" hubadilika kidogo, easy ikawa easily. Likiishia kwa "le", herufi ya mwisho hutoka ikaingia "y", gentle ikawa gently.

Takriri, yaani kule kurudia neno, usiibebe. "The captain turned slowly slowly" utaisikia ufukweni Shela kila siku, na wageni huipenda, wengine huiiga kwa mzaha. Lakini ni Kiswahili kilichovaa kanzu ya wenyewe. Kwenye insha au barua andika "very slowly".

Yapo maneno yasiyokubali "ly", au yakiipokea hugeuka maana, nayo ndiyo yenye mitego. "Fast" ni fast tu: "The boat sailed fast." "Hard" hubaki hard ukitaka maana ya bidii au nguvu, kwani "hardly" ina maana ya karibu hakuna kabisa, kama ulivyoona bakshishi yangu ilivyopotea. "Late" hubaki late: "The ferry came late" ni kivuko kilichelewa. "Lately" maana yake ni siku hizi za karibuni, jambo jingine kabisa. "Early" nayo haibadiliki. "Good" hugeuka kuwa "well": aliongea vizuri ni "He spoke well".

Na kuna maneno yanayoishia kwa "ly" ambayo si vielezi. "Friendly" ni kivumishi. Usiseme "He greeted us friendly". Sema "He greeted us in a friendly way", alitusalimu kirafiki.

Mtego wa mwisho hapa unahusu pua na ulimi. Samaki wa kupaka alinukia vizuri. Mtu aliyeshika kanuni ya "well" ataandika "The fish smelled well", na mwenye lugha atajiuliza kama samaki huyo ana pua kali. Vitenzi kama smelled, tasted, looked na felt vinapoeleza hali ya kitu, vinataka kivumishi: "The fish smelled good", "The halwa tasted sweet", "She looked happy". Kiswahili chetu kinatumia "vizuri" pande zote mbili, ndiyo maana hatuuoni mpaka.

Hatua ya 3: Jua viti vitatu, na kiti kimoja kilichokatazwa

Sentensi ya Kiingereza ina viti vitatu vya kielezi. Cha kwanza kiko mwanzo, kabla ya mtendaji. Cha pili kiko katikati, baina ya mtendaji na kitenzi. Cha tatu kiko mwisho, baada ya kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa.

"Yesterday we sailed to Manda."
"We quickly lowered the sail."
"We lowered the sail quickly."

Kiti kilichokatazwa ni kile cha baina ya kitenzi na yambwa. "We lowered quickly the sail" ni kosa, na ndilo kosa ninalolisikia kuliko yote, kwa sababu "Tulishusha haraka tanga" kwetu ni sentensi safi. Mfikirie nahodha na usukani wake: hakuna abiria anayekaa katikati. Kabla hujatamka kielezi cha namna, jiulize kama kitenzi kina yambwa. Kama kinayo, ifikie yambwa kwanza: "He closed the door quietly", "She cooked the rice well". Kama hakina, kielezi kifuate papo hapo: "He walked quietly."

Vielezi vikiwa viwili au vitatu mwishoni, mpangilio wa kawaida ni namna, mahali, kisha wakati. "The children played happily on the beach yesterday." Lakini kitenzi kikiwa cha mwendo, kama went, came au returned, mahali husogea karibu na kitenzi: "He went to Matondoni quickly this morning." Mimi hukumbuka hivi: mtu wa safari hutaja kwanza anakokwenda, mengine baadaye. Na ukiona mkia umekuwa mrefu, hamisha wakati mbele. "Yesterday the children played happily on the beach" inapumua vizuri zaidi.

Hatua ya 4: Mara ngapi? Weka katikati

Always, often, usually, sometimes na never hupenda kiti cha katikati. Kitenzi kikiwa cha kawaida, hutangulia: "My grandfather always prayed before the trip", "We often fished near Kiwayu." Kitenzi kikiwa was au were, hufuata: "The sea was always rough during kusi." Kukiwa na kitenzi kisaidizi, hukaa nyuma ya kisaidizi hicho: "He had never seen a dhow." "Sometimes" ina uhuru zaidi, huanza sentensi bila taabu.

"Never" nataka tukae nayo. Sisi tukisema "kamwe" au "katu", kitenzi lazima kikanushwe pia: hakuja kamwe. Ukihamisha tabia hiyo unapata "He didn't came never", sentensi yenye makosa matatu katika maneno manne. "Never" yenyewe imeshakanusha. Haitaki "didn't", na kwa kuwa "didn't" haipo, kitenzi kinabaki na umbo lake la wakati uliopita: "He never came." Ukitaka "didn't", basi tumia "ever" au usitumie kitu: "He didn't ever come", "He didn't come". Hali ni hiyohiyo kwa "hardly" na "rarely". "We hardly slept" maana yake hatukulala ila kidogo sana. Usiiongezee ukanushi mwingine.

Hatua ya 5: Lini? Hapa ndipo penye kazi

Barazani mtu husema "Nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Ukiwa Amu (Lamu) hasa utasikia "yana", lakini mambo ni yaleyale: "me" na jana hukaa pamoja bila ugomvi. Kwa Kiingereza hawakai. "I have seen him yesterday" ni kosa. Kanuni ni hii: sentensi ikishajibu swali la "lini hasa?", kitenzi kiwe cha wakati uliopita wa kawaida. "I saw him yesterday." "Vasco da Gama reached Malindi in 1498." "Lamu Old Town became a World Heritage Site in 2001." Mwaka wa tukio ukitajwa, "has" na "have" ziondoke, isipokuwa penye "since", ambayo tutaifikia.

"This morning" ni kigeugeu. Saa nne asubuhi muuza samaki anaweza kusema "I have sold ten fish this morning", kwa sababu asubuhi haijesha. Jioni, samaki walewale kumi, atasema "I sold ten fish this morning". Samaki hawakubadilika, ila jua limesogea.

Siku mbili zilizopita ni "two days ago". Neno "ago" hukaa nyuma ya idadi, nalo huhesabu kutoka sasa kurudi nyuma. "Before two days" isahau. Jana usiku ni "last night", si "yesterday night". Jana jioni lakini ni "yesterday evening", na usiniulize kwa nini, wenyewe wamezoea hivyo. Wiki iliyopita ni "last week" pasipo "in" wala "on" mbele yake.

Sasa mtego ambao vitabu vya shule havikupi. Saa yetu huanza kuhesabu machweo na mapambazuko. Mashua iliyoondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa Kiingereza iliondoka "at six in the morning". Nimewahi kuona wageni waliofika gatini saa sita kamili za mchana wakati nahodha alikwishang'oa nanga alfajiri, kwa sababu mtu aliwaambia "at twelve". Na siku zetu huanza magharibi. Mzee wa hapa akikwambia harusi ilikuwa usiku wa Ijumaa, kwa Kiingereza ilikuwa "on Thursday night". Tafsiri siku vilevile kama unavyotafsiri neno, la sivyo utampeleka mtu kwenye karamu iliyokwisha.

Muda uliochukua jambo nao una siri yake. "I lived in Shela for three years" ina maana uliishi miaka mitatu, ukahama. Kama bado uko huko, sema "I have lived in Shela for three years". "Since" ina mwanzo tu bila mwisho, kwa hiyo kwa kawaida hudai "have": "I have lived here since 2010." Mwongoza watalii aliyezaliwa Lamu akisema "I lived here all my life", mgeni atadhani amehama, au anazungumza na mzimu.

Maneno mawili ya Kiswahili yanahitaji kupasuliwa kabla ya kuvushwa. La kwanza ni "bado". Bado amelala: hali inaendelea, tumia "still". Bado hajafika: jambo halijatokea, tumia "yet". Kwa masimulizi ya yaliyopita: "He was still asleep when I knocked", na "The boat had not arrived yet". Still hukaa katikati, yet hupenda mwisho.

La pili ni "mara moja". Nahodha aliondoka mara moja. Je, aliondoka papo hapo, au aliondoka safari moja tu? Sisi tunaelewana kwa muktadha. Kiingereza kinatenganisha: "He left at once" ni papo hapo, "He left once" ni safari moja. Tena "once" hubadilisha maana kwa kuhama kiti. "I visited Pate once" ni mara moja kwa hesabu. "I once visited Pate" ni siku moja hapo zamani, mlango wa hadithi. Ukiona mgeni ananyamaza akisubiri uendelee, huenda umesema ya pili ukikusudia ya kwanza.

Kuhusu "just" na "already", neno dogo tu. Sisi Kenya shuleni tumefundishwa njia ya Uingereza: "He has just left", "I have already eaten". Wamarekani husema "He just left" na "I already ate", na hawajakosea. Kwenye mtihani fuata ulichofundishwa. Kwenye mashua sema upendavyo.

Hatua ya 6: Ipasue "sana"

Neno "sana" linatufanyia kazi ya watumwa kumi. Mvua ilinyesha sana, alilia sana, nilipenda sana, tulisubiri sana. Mwanafunzi hushika "very" akaibandika kila mahali: "I very liked", "It very rained". "Very" haishiki kitenzi. Hushika kivumishi au kielezi kingine: very good, very slowly. Ukitaka kukikoleza kitenzi chenyewe, lazima ujue ni "sana" ya aina gani.

Mvua ilinyesha sana: "It rained heavily." Upepo ulivuma sana: "The wind blew hard." Alilia sana: "She cried a lot", au kwa uchungu, "She cried bitterly." Alipiga kelele sana: "He shouted loudly." Tulisubiri sana: "We waited a long time." Nililala sana, ikiwa ni usingizi mzito: "I slept soundly." Na nilipenda sana: "I liked it very much." Hiyo ya mwisho angalia ina "it". Kwa Kiingereza huwezi kupenda hewani, lazima useme ulipenda nini, na yambwa hiyo ije kabla ya "very much". "I liked very much the bread" inatuvunjia kanuni ya kiti kilichokatazwa. Sema "I liked the bread very much".

Mimi nawashauri vijana wawe na daftari la "sana". Kila ukiisikia kinywani mwako, andika kitenzi kilichokuwa nayo, kisha tafuta mwenzake wa Kiingereza. Baada ya mwezi utakuwa na msamiati kuliko aliyekariri orodha ya maneno mia.

"Tu" ina tabia yake pia. Kwetu hukaa nyuma ya kile inachokibana: alinunua samaki tu. "Only" hukaa mbele: "He bought only fish." Katika mazungumzo huhamia kabla ya kitenzi, "He only bought fish", na sauti ndiyo huonyesha nini kimebanwa.

Hatua ya 7: Vielezi vinavyotoa hukumu

Linganisha "He answered foolishly" na "He foolishly answered". Ya kwanza inasema majibu yake yalikuwa ya kipumbavu. Ya pili inasema kule kujibu kwenyewe ndiko kulikokuwa upumbavu, bora angenyamaza. Vielezi kama unfortunately, luckily na clearly vikikaa mwanzoni na mkato nyuma yake, ni sauti yako wewe msimulizi: "Luckily, the tide came in."

Kwa waongoza watalii hapa ni pa kuchunga. Ukisema "The fort served as a prison until 1984, and later became a museum", umetoa habari, na "later" imekaa katikati panapostahili. Lakini nawasikia wengine wakisema "The people of Takwa suddenly left". Takwa ilihamwa katika karne ya 17, hilo sawa. "Suddenly" imeongeza dai ambalo kuta zile hazisemi. Mgeni ataondoka akiamini watu waliacha chungu jikoni wakakimbia. "The people left Takwa in the seventeenth century" inatosha.

Zoezi

Hii hapa chini ni aina ya masimulizi ninayoletewa barazani. Isome kwa sauti, kisha ifunike na uitengeneze mwenyewe kabla ya kuendelea.

"Yesterday night we have gone to fish. My uncle turned slowly slowly the boat. We didn't never see a big fish. My brother came before two days from Kiunga and he worked hardly. The wind very blew. We returned home tiredly at twelve in the morning."

Sasa baada ya kurekebishwa:

"Last night we went fishing. My uncle turned the boat very slowly. We never saw a big fish. My brother came from Kiunga two days ago, and he worked hard. The wind blew hard. We returned home tired at six in the morning."

Nusu ya wanafunzi wangu hunibishia neno "tired". Wanasema returned ni kitenzi, basi kinachokifuata kiwe na "ly". Lakini uchovu ule haukuwa namna ya kurudi, ulikuwa hali ya watu waliorudi, sawa na samaki wa kupaka aliyenukia "good". Na "hard" imetumika mara mbili katika mistari miwili. Ikikuudhi, weka "strongly" kwa upepo. Ya kaka iache kama ilivyo.